Makome ya Mwalimu Gervas

Tulipomzika Mwalimu Gervas mwezi uliopita, kila aliyesimama kuzungumza alisema marehemu alikuwa mtu wa msimamo. Alisema hivyo mwenyekiti wa mtaa, akasema padri, akasema na mtoto wa mdogo wake aliyetoka Bukoba kwa basi. Mie nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, nikajikuta natikisa kichwa. Mtu wa msimamo, kwa nionavyo, ni yule asiyebadilika. Mie nilimpenda Mwalimu Gervas kwa sababu nilimwona akibadilika, mchana kweupe, mbele za watu, wakati kubadilika kwenyewe kulimnyima kitu alichokitaka kuliko vyote. Koku, binti yake, ambaye sasa naye ni bibi, aliniomba niseme neno. Nilisimama, nikasema tu kwamba alinifundisha kazi, nikakaa. Nilichotaka kusema kilikuwa kirefu, na watu walikuwa wanasubiri pilau. Basi nakisema hapa.

Ulikuwa mwaka ule Waingereza walipopata malkia wao mpya. Mie nilikuwa mwalimu mpya kabisa, nimetoka chuoni na masanduku mawili ya bati, nikapangiwa shule ya Temeke. Temeke ya wakati ule ilikuwa na minazi mingi kuliko nyumba, na barabara yake ya mchanga ilimeza viatu. Mwalimu Gervas alikuwa mwalimu mwenzangu, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na kwa kuwa mwanamke asiye na mume hakuachiwa kuishi peke yake, nilipewa chumba nyumbani kwake. Ilikuwa nyumba ya udongo iliyopigwa chokaa, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na kuta zake hazikufika juu. Hewa ilipita, na maneno yalipita. Ukikohoa chumba cha mwanzo, chumba cha mwisho wanakupa pole. Mimi nililala upande wa barabarani. Mwalimu na mkewe, Mama Koku, walilala mkabala na mimi pamoja na Koku aliyekuwa bado mdogo. Na chumba cha uani, ambacho kaya nyingine ingekipangisha ipate kodi, kilikuwa cha makome.

Sijui namna nzuri ya kukieleza chumba kile kwa mtu ambaye hakukiona. Kulikuwa na meza ndefu iliyoundwa kwa mbao za makasha ya chai, imeegemezwa ukutani kutoka kona hadi kona. Juu yake makome ya baharini, yale maganda ya konokono wa majini, yalikuwa yamepangwa mstari mmoja ulionyooka, mamia yake, aliyoyaokota mwenyewe kwa miaka mingi fukwe za Mtoni, Mjimwema na kwingine. Upande wa mlangoni yalikuwa mafupi, laini, mepesi kama kucha. Kadiri ulivyotembea kuelekea dirishani yalizidi kurefuka, kujisokota na kuota miiba, mpaka ukafika kwenye lile la mwisho, kubwa, lenye miiba kama taji, ambalo Koku alikatazwa kuligusa. Chumba kilinuka chumvi na mafuta ya taa. Siku ya kwanza Mwalimu alinitembeza mstari mzima polepole, mikono nyuma, kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake.

"Unaona, Agnesi," akasema, "hapa hakuna kubahatisha. Kiumbe kimebeba njia yake ndani yake, kama treni na reli. Kinaanza rahisi, kinakwenda kinakoelekea, na hakuna wa kukigeuza. Hata pale njia inapokiangamiza, kitaifuata."

Alikuwa ameyapata hayo katika kitabu kikuukuu cha Kiingereza kisicho na jalada, alichokinunua siku afisa mmoja alipouza vyombo vyake ili arudi kwao. Akanisimulia habari ya mnyama wa zamani wa Ulaya, jamii ya paa, ambaye pembe zake zilikuwa kila kizazi zinazidi kukua, zinazidi kukua, mpaka zikawalemea wote wakafa, na bado hazikuacha kukua. Nilisisimka. Leo ninajua kwamba wataalamu walishaanza kuliacha wazo hilo hata wakati ule, lakini sisi Temeke hatukuwa na wa kutuambia, na sitaki kumcheka mtu kwa kukosa kitabu ambacho hakuuziwa. Nakumbuka zaidi jinsi wazo lile lilivyonipumzisha. Nyumbani kwetu walikuwa wameniletea ujumbe kwa msafiri kwamba kuna mchumba ananingoja na ualimu wenyewe ni wa mwaka huu tu. Nilipokuwa natazama mstari ule nilijiambia: basi, kama kila kitu kina reli yake, ya kwangu nayo imeshalazwa, nihangaike ya nini?

Aliyebishana na Mwalimu alikuwa Bwana Gulamali. Huyu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, na lori moja la kubebea mawe, na Jumapili mchana alipenda kuja Temeke kunywa chai ya tangawizi kwa Mama Koku na kula vitumbua vyake mpaka anaona haya. Walijuana na Mwalimu tangu Mwalimu alipokwenda dukani kwake kununua misumari ya ile meza, wakabishana juu ya mbao, wakawa marafiki. Bwana Gulamali alikuwa Mshia, mtu wa kusali na wa kucheka, na hakupenda mstari wa makome hata kidogo.

"Mwalimu, mimi nimezaliwa hapa, na baba yangu kazaliwa hapa," alisema siku moja, amekaa kwenye benchi na kikombe gotini. "Nilipokuwa kijana nilitaka kuwa daktari wa macho. Kila aliyenisikia alicheka. Muhindi huyu, wataka kutibu macho? Duka la baba yako nani atakaa? Nikakaa dukani. Sasa umri huu wote nimeamini kwamba watu ndio walionifungia. Leo wewe waniambia hata kome la baharini limefungiwa na Mungu mwenyewe? Hapana, bwana. Mungu ana nafasi kubwa kuliko meza yako."

Mwalimu alicheka mpaka akatoa miwani. "Leta ushahidi, Gulamali. Mie nimeweka wangu mezani."

"Mimi sina ushahidi. Mimi nina uchungu tu," akajibu mwenzake, na Mama Koku akamwongezea chai.

Katikati ya mwaka alikuja mkaguzi wa shule. Alikuwa Mzungu mrefu, mpole, anayesema Kiswahili cha vitabuni, kila kiambishi mahali pake. Alipoambiwa kuna mwalimu ana chumba cha makome aliomba kukiona, akaja mpaka nyumbani, akainama kupita mlangoni. Alisimama mbele ya meza ile muda mrefu, akiyatazama moja moja. Kisha akasema, "Hii ni kazi ya chuo kikuu," nami nikaona masikio ya Mwalimu Gervas yakicheza kama ya mtoto aliyesifiwa. Alibaki kwa chakula cha mchana. Mama Koku alipika ndizi kwa namna ya kwao, na changu wa nazi kwa namna ya pwani aliyokuwa amejifunza kwa jirani, na mgeni akala kwa mkono kwa adabu sana. Akiwa anakula akasema atampendekeza Mwalimu aende Makerere, gharama juu ya serikali, na familia yake itafuata. Alichotaka kwanza ni Mwalimu atoe mhadhara mbele ya walimu wa shule za jirani na wakubwa wachache kutoka mjini, awaonyeshe mstari wake. Halafu, akichomoa mwiba wa samaki, akaongeza kwa sauti ileile ya upole:

"Somo hili ni muhimu kwa nchi kama hii. Kila kiumbe kina mwisho uliopangwa. Mataifa vilevile. Mengine yako mbele, mengine yangali njiani, na mengine, kwa bahati mbaya, njia yao ni fupi. Si kosa la mtu."

Mama Koku alikuwa ameshika birika la kunawisha. "Na ya kwetu, Bwana Mkaguzi," akauliza, "umeshaipima?"

Mgeni akacheka, akasema, "Ah, mama, sikukusema wewe," akanyoosha mikono anawishwe. Mwalimu Gervas alikuwa anatazama sahani yake.

Jioni, kuta zile zisizofika juu zilinipa mengine. Nilimsikia Mama Koku akikunja nguo, na sauti yake haikuwa na hasira. "Baba Koku, yule mtu ameisifu meza yako, au ameitukana?"

"Ameisifu."

"Basi mbona chakula hukula?"

Mama Koku akaendelea mwenyewe, "Mie Makerere nataka uende. Usinielewe vibaya. Kutoka Kampala mpaka kwetu Bukoba ni ziwa tu, unapanda meli. Mama anaumwa, nimekaa huku pwani kama niliyesahauliwa." Nilijifunika shuka kichwani, lakini shuka haizuii maneno.

Mwalimu alijiandaa kwa mhadhara ule kama mtu anayejenga nyumba. Kitu kimoja kilimkera: makome yake yote yalikuwa ya ufukweni, ya siku hizi, na mstari ulihitaji mwanzo wa kale ili wakubwa waamini. Alijua kwamba mawe ya matumbawe yanayochimbwa upande wa Kunduchi yamejaa makome yaliyogeuka jiwe tangu bahari ilipokuwa juu zaidi. Huko ndiko Bwana Gulamali alikopakia mawe yake. Jumapili moja baada ya misa akaja kutuchukua na lori, sisi wawili, na kikapu. Tulipita mjini, tukapita Kinondoni, halafu Mikocheni, ambayo wakati huo ilikuwa msitu wa mikoche kweli, na nyani barabarani. Mwalimu aliongea njia nzima. Chini kabisa ya machimbo, alisema, tutakuta yale laini, mepesi, kama yale ya mlangoni; na kadiri matabaka yanavyopanda tutaona miiba ikizaliwa.

Machimbo yalikuwa yamekatwa wima kama mkate, unaona tabaka moja juu ya lingine, jeupe, la manjano, jeupe tena. Siku ile hapakuwa na kazi, palikuwa kimya. Mwalimu alivua koti, akapiga magoti chini kabisa, akaanza kuchokoa kwa patasi na nyundo ndogo. Nilishika kikapu. Kome la kwanza alilolitoa alilipuliza vumbi, akalitazama, akaliweka pembeni bila kunipa. La pili vilevile. La tatu akanipa, na nikaliona: lilikuwa refu, limejisokota, lina miiba pande zote. Lilikuwa ndugu wa lile la dirishani ambalo Koku alikatazwa kuligusa, na lilikuwa chini ya yote. Akapanda tabaka lililofuata. Humo yalijaa yale laini, mafupi. Juu yake, yote mawili yamelala pamoja, la miiba na la laini, ubavu kwa ubavu. Akahama ukuta, akaenda wa pili, akaenda wa tatu. Kote ni hivyo.

Bwana Gulamali alikuwa amefungua mdomo kutania, nilimwona. Akaufunga. Badala yake akasema taratibu, "Labda jiwe limepinduka, Mwalimu. Ardhi ina mambo yake."

Mwalimu alitembea kando ya ukuta ule mpaka mwisho wake, akipitisha mkono juu ya tabaka, akarudi. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi la chokaa na macho yalikuwa mekundu.

"Halijapinduka," akasema. "Ni mie."

Wakati wa kurudi hakukaa mbele. Alipanda nyuma ya lori pamoja na kikapu, na tulipofika Temeke nilimkuta amelishika lile lenye miiba kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa kifaranga.

Siku zilizofuata aliingia chumba cha makome baada ya shule na hakusogeza kitu. Bwana Gulamali alikuja siku isiyo yake, akaongea naye mlangoni kama kaka. "Sikiliza. Mimi ndiye niliyebishana nawe, na mimi ndiye nakwambia: kasome ulichoandaa. Nenda zako Kampala. Ya Kunduchi utayasema ukirudi, ukiwa na digrii, na watakusikiliza zaidi." Lilikuwa shauri la rafiki wa kweli na lilikuwa na akili. Hata leo nikilipima sioni ubaya wake mkubwa. Mwalimu alimshukuru, akamshika mkono, akarudi ndani.

Jibu nililisikia kupitia juu ya ukuta, jioni ile, Koku akiwa ameshalala.

"Nikiyasema ya Kunduchi," Mwalimu alisema, "Makerere hakuna."

"Mama yangu anaumwa, Baba Koku."

"Najua."

"Sijamaliza. Mama yangu anaumwa, na nikifika kwake ataniuliza mume wangu anafundisha nini siku hizi. Ndivyo alivyo, atauliza. Sitaki nikae kitandani kwake nimjibu kwamba unafundisha kitu ambacho mwenyewe huamini." Nikasikia kitanda kikilia, amekaa. "Kayaseme."

Mhadhara ulikuwa Jumamosi mchana, katika darasa kubwa la shule yetu, madawati yametolewa nje. Bwana Gulamali alileta meza kwa lori lake mwenyewe, akasimama nyuma karibu na mlango kwa kuwa viti vilikuwa vya walimu. Mkaguzi alikaa mbele na wakubwa wenzake. Mwalimu Gervas alivaa suti yake ya pekee, akaanza kama alivyopanga tangu mwanzo: akawatembeza mstari mzima, laini mpaka miiba, reli na treni, paa mwenye pembe. Mkaguzi alikuwa anaitikia kwa kichwa na kumnong'oneza jirani yake. Kisha Mwalimu akainua kikapu kutoka chini ya meza, akamwaga mawe ya Kunduchi katikati ya mstari wake. Makome mengine yaliviringika yakaanguka sakafuni. Hakuna aliyeyaokota.

"Mstari huu mnaouona niliupanga mie," akasema. "Nilianza na lile nililolipenda, nikaliweka mwisho, halafu nikarudi nyuma kutafuta ya kulitangulia. Nilipokwenda kwenye mwamba, mwamba haukuwa na mstari. La miiba lilitangulia. La laini likafuata. Halafu yakaishi pamoja. Nadhani bahari ilipokuwa kali lenye miiba lilidumu, na ilipotulia la laini nalo likapata nafasi yake. Kila moja liliishi lilipoweza kuishi. Halikuwa linakwenda popote." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na kama sikuweza kuonyesha kome lililopangiwa mwisho wake, sidhani kama yuko mtu atakayenionyesha taifa lililopangiwa wake."

Mkaguzi alisimama. Hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa na huzuni ya kweli. "Mwalimu," akasema, "umebomoa kazi ya miaka mingi kwa safari moja ya Jumapili. Hujutii?"

"Najuta, bwana," akajibu Mwalimu Gervas. "Najuta kwamba sikwenda mapema."

Aliyepiga makofi alikuwa mmoja, nyuma, karibu na mlango. Walimu wengine walitazama viatu vyao, kwa kuwa walikuwa na kazi za kulinda, na siwalaumu. Mie nilitaka kupiga na mikono ikanigoma, kwa sababu nilikuwa nalia.

Makerere alikwenda mtu mwingine. Hakuna aliyesema ni adhabu, na muhula uliofuata Mwalimu alipohamishiwa Kisarawe, hakuna aliyesema hilo nalo ni adhabu. Kabla hawajahama Temeke, mama yake Mama Koku alifariki, binti yake akiwa bado hajapata nauli ya kumfikia. Habari ilipofika tulikaa naye kwenye mkeka siku nzima, akilia kwa lugha ya kwao ambayo siielewi. Kuta zile zilinisikilizisha mengi mwaka ule, na ninaweza kushuhudia kwamba sikumsikia hata mara moja akimlaumu mumewe. Alimpikia uji, akamwambia anywe. Mwalimu hakupata digrii mpaka anakufa. Alifundisha Kisarawe, akafundisha Morogoro, Uhuru ukaja ukamkuta darasani, akastaafu akarudi Dar es Salaam kuishi kwa binti yake. Niliwahi kumuuliza, nikiwa nami nimeshakuwa mwalimu mkuu mwenye mvi, kama aliwahi kuifikiria Kampala. Akasema aliifikiria mara nyingi, hasa mvua inaponyesha, halafu akaniuliza kama nimekula.

Nyumbani kwetu nilipeleka ujumbe kwamba mchumba asinisubiri, na kwamba sijui nitaolewa lini au na nani. Walikasirika muda mrefu. Niliolewa baadaye sana, na mtu niliyemchagua, na hiyo ni habari nyingine. Mwalimu alipohama nilikabidhiwa darasa lake. Wiki ile ya kwanza nilikuwa nafundisha habari za viumbe, jinsi vilivyokuwa vingine zamani na vikabadilika. Msichana wa mstari wa mbele, Mwanaidi, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na binadamu? Yeye atakuja kugeuka awe nini?"

Darasa zima likanitazama. Nilihisi jibu likinijia mdomoni, zuri, limenyooka, la kumridhisha mkaguzi yeyote. Nikalimeza.

"Hilo sijui, Mwanaidi," nikasema. "Wala sijakutana na anayejua."

Alinitazama kidogo, kama anapima iwapo namtania. Kisha akatabasamu tabasamu la mtu aliyefunguliwa mlango, akanyoosha mkono tena, na safari hii wenzake sita saba walikuwa wamenyoosha pamoja naye.